Bambo, Gunia na Nasibu: Kuchukua Sampuli ya Lori la Mahindi

BARAKA: Karibuni tena. Leo tuna lori getini: magunia 300 ya mahindi, kilo mia mia. Mnunuzi anataka uhakika wa mambo mawili. Kwanza, unyevu usizidi asilimia 13.5, kama kiwango cha Afrika Mashariki kinavyosema. Pili, sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Magunia yote hawezi kuyafungua, kwa hiyo anachukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji cha kuchomea gunia na kutoa punje. Dada Tatu, tuanzie wapi?

TATU: Tuanzie kabla bambo halijaingia. Gunia linapigiwa kura, na kabla halijachomwa unyevu wake ni namba ambayo hatujaijua bado. Namba hiyo inayongoja kura ndiyo kigeu nasibu, na tunaiandika X. Ukishachoma, mashine ikasoma 13.1, basi hiyo si kigeu tena. Ni thamani moja tu iliyotoka.

BARAKA: Wengi wakisikia "nasibu" wanadhani ni ovyoovyo.

TATU: Ovyo ni kuchoma gunia lililo karibu na mkono! Nasibu ina hesabu: kila gunia lina nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na kwa kura ya haki hapa ni 1 kwa 300. Yale ya pembeni mwa lori yamepigwa jua na upepo, yale ya katikati yamebanana. Ukichoma ya pembeni peke yake utapata wastani mzuri wa magunia ya pembeni. Hata ukichoma 100, kosa ni lile lile. Wingi hauponyi upendeleo.

BARAKA: Na vigeu vyenyewe havifanani.

TATU: Havifanani. Hesabu punje 100 uone ngapi zimetobolewa na mdudu dumuzi: utapata 0, 1, 2, hadi 100, lakini 3 na nusu hupati. Hicho ni kigeu cha kuhesabu. Unyevu ni kigeu cha kupima, unaweza kuangukia popote kati ya 12 na 13.

BARAKA: Sasa magunia mangapi? Maghalani kuna kanuni ya zamani: mzigo wa magunia yasiyozidi 10, choma yote, ukifika 100, choma 10, ukizidi hapo, chukua kipeuo cha pili cha idadi. Kwa 300 ni 17 na kidogo, tunapandisha hadi 18.

TATU: Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini haikwambii unakosea kwa kiasi gani. Kwa wastani wa unyevu tunatazama mkengeuko sanifu, yaani magunia yanatofautiana kiasi gani. Tuseme ni 0.9. Ugawe kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli. Kwa magunia 9, 0.9 kwa 3 ni 0.3, na hilo ndilo kosa la wastani wako. Ukitaka kosa lishuke hadi 0.15, magunia 18 hayatoshi, unahitaji 36. Kulipunguza kosa nusu ni kuongeza kazi mara nne.

BARAKA: Hapo mnunuzi anaanza kutazama saa.

TATU: Na bado hatujaulizana swali lililo gumu zaidi. Tuseme magunia 15 kati ya 300 yameoza. Ukichoma 18 kwa kura, uwezekano wa kutogusa hata moja bovu ni karibu asilimia 39.

BARAKA: Yaani karibu mara 4 katika kila 10 lori linapita likiwa na magunia 15 mabovu?

TATU: Ndivyo. Kushusha uwezekano huo chini ya asilimia 5 utachoma magunia 54. Idadi inayotosha kukadiria wastani haitoshi kuwinda kitu adimu.

BARAKA: Nayo sumukuvu ni adimu kwelikweli. Haienei sawasawa, inakaa kwenye punje chache zilizopata ukungu, punje jirani ikawa salama.

TATU: Ndiyo maana nina ugomvi na ile tabia ya kumimina vichomo vyote 18, yaani punje zilizotolewa na bambo katika kila gunia, kwenye ndoo moja na kupima mara moja. Fanya hesabu: vichomo 17 havina kitu, kimoja kina mikrogramu 90 kwa kilo. Ukivichanganya kwa kiasi sawa, 90 kwa 18 ni 5. Lori limepita, na gunia la 90 linakwenda kusagwa.

BARAKA: Mtetezi atasema wastani wa lori ni salama.

TATU: Ndiyo, ila anayenunua debe halili wastani wa lori. Ndoo moja inakupa wastani, inakunyima tofauti. Kwa unyevu naweza kukubali. Kwa sumukuvu, angalau gawa vichomo katika makundi matatu ya sita sita. Hapo kundi lenye gunia bovu lingesoma 15, nawe ungesimama.

BARAKA: Tushike bambo sasa. Mdomo wake uelekee chini likiingia, kisha ligeuzwe ndani punje zijae. Choma juu, katikati na chini ya gunia. Vumbi na punje zilizovunjika huteremka, kwa hiyo kichomo cha juu peke yake kinalisafisha gunia lisilo safi.

TATU: Na kura ipigwe magunia yakishuka. Gawa 300 kwa 18 upate 16 na kidogo, ushushe hadi 16. Andika vikaratasi 1 hadi 16, uvitie kwenye kopo, utoe kimoja. Kikitoka 7, choma la 7, la 23, la 39, uendelee hivyo. Kikaratasi cha 1 hadi 12 kitakupa magunia 19, cha 13 hadi 16 kitakupa 18. Usikatishe ukifika 18, maana magunia ya mwisho ndiyo yaliyokaa sakafuni mwa lori.

BARAKA: Mtego ni pale makuli wanaposhusha kwa safu za 16.

TATU: Hapo utachoma nafasi ile ile ya kila safu, yote ya pembeni au yote ya katikati. Hesabu safu kabla hujaandika vikaratasi. Zikiwa za 16, ruka kwa 15 na kopo liwe na vikaratasi 15. Utachoma magunia 20.

BARAKA: Na vikaratasi vikunjwe sawa.

TATU: Vikunjwe sawa, na mwenye lori asiwe ndiye anayetia mkono kwenye kopo.