Vina Havitoki Jasho

Mwenyekiti kanipa dakika kumi, na wanaonijua wameshaanza kucheka. Basi naanza na lilelile ninalowachosha nalo kila mwaka: walimu wenzangu, ukimpa mwanafunzi utungo wa askari, usianze kumhesabisha mizani. Vina havitoki jasho.

Mwaka juzi niliwatoa kidato cha tatu uwanjani, kila mmoja na ndoo ya maji ya lita 20 kichwani. Tulikuwa na ule wimbo wa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza: "Funga safari!" "Amri ya nani?" "Amri ya Bwana Kapteni!" Darasani walishaumaliza: takriri ipo, tashtiti ipo, maksi zote. Uwanjani, mzunguko wa pili, kiitikio kikaanza kukatika. Wa tatu, binti mmoja, maji yamemlowesha mpaka kiunoni, akatua ndoo: "Mwalimu, kwani hawajui amri ni ya nani? Mbona wanauliza kila saa?"

Nikakosa la kusema. Miaka yote nimeufundisha wimbo ule, swali hilo sikuwahi kulisikia.

Na ndoo ile ni kilo 20, yaani ratili 44 tu. Nyuma ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, ile ya 1914, walikuwapo wapagazi wa Carrier Corps, hao walioiachia Kariakoo jina lake, na ratili zao 50 hadi 60 kutwa kucha. Unga waliopewa mara nyingi haukupata muda wa kuiva. Kuhara damu na homa viliwaua wengi kuliko risasi.

Najua yupo atakayesema huo ni wimbo, si shairi. Mzee wangu, shairi la Kiswahili liliacha lini kughaniwa? Mwingine atasema maofisa wenyewe waliupenda, kwa hiyo ni propaganda. Vizuri! Hapo ndipo pa kumbana mwanafunzi: maneno ni yaleyale, ofisa alisikia nini, askari alisema nini?

Nilitaka kuwagusia Wilfred Owen, yule askari Mwingereza mshairi aliyeuawa Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya bunduki kunyamaza Ulaya. Huku kwetu Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimisha silaha tarehe 25 mwezi huohuo, Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia. Hebu mwambieni mwanafunzi apige hesabu ya siku tangu Ulaya iliponyamaza hadi huku kwetu, akiwa na mzigo kichwani.

Burma ya 1944, walikopigana Keya katika Vita Kuu ya Pili, naiacha, naona mwenyekiti ameshika kengele. Ndoo ziko pale nje, nimeziazima bwenini. Anayetaka kujaribu kabla ya chai, karibu.