Mtori wa dola: kazi yangu ya kukaa na mama waliojifungua huku Minnesota, Marekani

Haya jamani, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Msishangae kuniona na koti ndani ya gari, leo nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nimepaki mbele ya nyumba ya mteja nasubiri saa nne usiku ifike. Na sufuria lile pale kiti cha nyuma, nimelifunga mkanda kama abiria, ni mtori.

Sasa, tangu niwaambie nimeacha kazi ya ghala nikawa dula, yaani mtu anayelipwa kukaa na mzazi, mama anayejifungua au aliyejifungua, maswali hayaishi. Mmoja kaniandikia, "Dada, si useme tu umekuwa hausigeli." Nimecheka! Maana neno lenyewe linampa haki: limetoka Kigiriki, ni mtumishi wa kike. Aliyelileta kwenye mambo ya uzazi ni mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Dana Raphael. Kuna dula anayekaa na mama wakati wa uchungu. Mimi ni wa baada. Mtoto akishazaliwa watu wote wanamkimbilia yeye, mimi nabaki na mzazi.

Mnajua nimekulia Marangu. Kwetu mzazi haulizwi kama anahitaji msaada. Mama mkwe anahamia jikoni, mtori unapikwa asubuhi, maziwa yanakuja, na miezi mitatu hushiki jembe wala ndoo. Unatoka umenona, ngozi inang'aa, watu wanasema huyu kweli kazaa kwenye nyumba ya watu.

Mimi nikazalia hapa, 2017. Siku ya pili wakaturuhusu. Siku ya tano mume wangu karudi kazini, kwa sababu sheria ya taifa, ya mwaka 1993, inatoa likizo ya wiki 12 bila mshahara, na walioajiriwa kwenye kampuni ndogo mara nyingi hata hizo hawazipati. (Minnesota imeanza likizo ya kulipwa Januari 2026. Asanteni sana, mwanangu sasa anajifungia viatu mwenyewe.) Mama yangu alinyimwa viza mara mbili. Miadi yangu na daktari ilikuwa wiki ya sita. Hapo katikati, hakuna mtu. Nakumbuka nimesimama jikoni, mtoto begani, nachota wali wa jana kwa mkono, umeganda kwenye sufuria, maziwa yananichuruzika mpaka kwenye soksi. Sikulia. Nilishachoka kulia.

Kwa hiyo niliposikia kuna kozi ya kufundisha watu kukaa na wazazi, nikasema hawa wamekosa kazi. Nilipe nifundishwe kupika uji? Nikalipa. Huku dula hahitaji leseni, yeyote anaweza kujiita. Ila Minnesota ina daftari la madula, na ukiandikishwa humo, Medicaid, yaani bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, inaweza kulipia huduma yako. Imekuwa hivyo tangu 2014. Kulala usiku kama leo ni mfuko wa mteja: mimi natoza dola 35 kwa saa. Haya, mmeridhika? Tuendelee.

Nusu ya kozi mama mkwe angeifundisha akiwa anamenya ndizi. Nusu nyingine, samahani mama, hukuijua. Nilibishana na mwalimu kuhusu kukandwa. Mimi nang'ang'ania maji ya moto yanatoa damu mbaya, yeye ananiuliza taratibu: na mwenye mshono wa upasuaji, unamkanda wapi? Nikanyamaza. Mji wa uzazi unajikaza wenyewe, na kunyonyesha kunausaidia. Maji yanayotokota yanaunguza tu.

Halafu sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Kwetu mzazi akilia tunasema anadeka. Machozi ya siku za mwanzo ni kawaida kweli, lakini yakipita wiki mbili hayo ni mengine. Kuna maswali 10 yaliyotungwa Edinburgh mwaka 1987, mzazi anayajibu mwenyewe. La mwisho linauliza kama amewahi kufikiria kujidhuru. Mimi sipimi ugonjwa. Namwachia karatasi na kalamu, naenda kuosha chupa, na majibu yakinitisha nampigia mkunga wake nikiwa nimekaa naye.

Mteja wangu wa kwanza, nimefika na sufuria la mtori wa mifupa, kumbe hali nyama. Tangu siku ile nauliza kwanza. Wa tatu ndiye sitamsahau. Siku ya sita, saa nane usiku, ananiambia kichwa kinauma. Nikamwuliza, macho vipi? Akasema anaona kama vimulimuli. Mimi wa zamani ningempa Panadol nikamwambia lala mama, nitakaa na mtoto. Safari hii nikampigia nesi wa zamu, akasema mama apelekwe hospitali sasa hivi. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata mtoto akishazaliwa, na sikulijua hilo mpaka nilipokaa darasani. Huku Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya uzazi vinatokea kati ya wiki moja na mwaka mmoja baada ya kujifungua, wakati maua yameshanyauka na wageni wameshaondoka.

Wa leo ni Mswahili mwenzetu, sisemi wa wapi. Mtori kauomba mwenyewe. Mshare huku sizipati, napika na ndizi mbichi za Ecuador kutoka duka la Wameksiko, na muuzaji kila nikienda ananionyesha zilizoiva, anadhani sioni vizuri.

Eeh, taa ya jikoni imewaka. Na huu mfuniko umevujisha supu kwenye kiti, jamani! Ngoja niingie, kesho nitawajibu wenye maswali ya viza.