Mkubwa wa CFPB akibadilishwa, hela ya nyumbani inalindwa na nani?

Habari zenu ndugu zangu mlioko Dar, Mwanza, Mombasa, Bukavu, popote mnaponitazama. Wazee wangu, shikamooni. Naongea nanyi kutoka Columbus, Ohio, na leo nataka tuizungumzie ofisi moja ya serikali ya Marekani ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia, ingawa hela anayokutumia mwanao aliyeko huku iko chini ya kanuni zake.

Wamarekani wanaiita CFPB. Ni ofisi ya kumlinda mteja wa huduma za fedha. Sheria iliyoianzisha ilisainiwa na Barack Obama Julai 21, 2010, baada ya ule mtikisiko wa 2008, watu walipopoteza nyumba zao kwa sababu ya mikopo ambayo masharti yake hawakuelezwa vizuri. Wazo lenyewe lilipiganiwa na Elizabeth Warren, wakati huo akifundisha sheria Harvard, leo ni seneta. Ofisi inasimamia benki, kadi za mikopo, wakusanya madeni, wale wa mikopo ambayo huko nyumbani tunaiita kausha damu, na pia kampuni za kutuma fedha nje ya nchi. Hapo kwenye kutuma fedha ndipo tunapoingia sisi.

Mnakumbuka zamani ilivyokuwa? Mtu anatuma dola zake, anaambiwa ada ni ndogo, kumbe makato mengine yamefichwa kwenye kiwango cha kubadilishia. Mama anakwenda kwa wakala anapewa pungufu, anapiga simu: mwanangu, mbona uliniambia nyingine? Ugomvi unaingia kwenye familia, na hakuna aliyedanganya kati yao wawili.

Kanuni ya ofisi hii iliyoanza kazi Oktoba 28, 2013 ilibana hapo hapo. Kabla hujalipa, kampuni lazima ikuonyeshe ada, kodi kama ipo, kiwango cha kubadilishia, na kiasi ambacho mpokeaji atakishika mkononi. Ukishalipa una dakika 30 za kughairi na kurudishiwa hela yako yote, ilimradi haijachukuliwa wala kuingizwa kwenye akaunti. Kukitokea kosa, hela haikufika au imefika pungufu, una siku 180 za kulalamika, na kampuni ina siku 90 za kuchunguza. Hii ni haki yako kisheria, hata kama kibali chako cha kuishi huku bado kinashughulikiwa.

Sasa tuje kwa wakubwa wa ofisi, maana ndiyo habari yenyewe.

Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Richard Cordray, mtu wa hapa hapa Ohio, aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Chini yake, mwaka 2016, benki ya Wells Fargo ilipigwa faini ya dola milioni 100 na ofisi hii kwa kuwafungulia wateja akaunti ambazo hawakuziomba. Novemba 2017 Cordray akaacha kazi, akamwacha naibu wake, Leandra English, akaimu. Rais Trump naye akamteua Mick Mulvaney, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya bajeti ya Ikulu. Basi Jumatatu ya Novemba 27 asubuhi ofisi ikawa na makaimu wawili, kila mmoja akiwaandikia wafanyakazi kwamba yeye ndiye mkubwa. English alikwenda mahakamani, jaji akakataa kumzuia Mulvaney. Januari iliyofuata Mulvaney alipotakiwa kuomba fedha za robo mwaka za kuendesha ofisi, aliomba sifuri.

Mwaka 2018 Kathy Kraninger akathibitishwa na Seneti kuwa mkurugenzi. Juni 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji watano kwa wanne, kwamba rais anaweza kumwondoa mkurugenzi wakati wowote bila kutoa sababu. Kabla ya hapo alilindwa na muhula wa miaka mitano. Wengi hawakuupa uzito uamuzi ule, lakini kwa maoni yangu mambo yote yaliyofuata yanatoka pale. Biden alipoapishwa Januari 2021, Kraninger akajiuzulu siku hiyo hiyo kwa kuombwa. Rohit Chopra akathibitishwa Septemba kwa kura 50 dhidi ya 48, akawa mkali kweli kweli. Desemba 2022 Wells Fargo ikaamriwa kutoa dola bilioni 3.7, zaidi ya bilioni 2 kati ya hizo zikiwa za kuwarudishia wateja.

Trump aliporudi, Chopra alifukuzwa Jumamosi, Februari 1, 2025. Waziri wa fedha, Scott Bessent, akakaimu kwa siku chache. Ilipofika Ijumaa ya wiki hiyo kiti akakalia Russell Vought, naye ni mkuu wa ofisi ya bajeti, kama alivyokuwa Mulvaney. Wafanyakazi wakaambiwa wasimamishe karibu kazi zote, makao makuu Washington yakafungwa. Aprili zikatoka barua za kuwapunguza watu wapatao 1,500 kati ya 1,700. Jaji Amy Berman Jackson akazizuia, na kesi ikapanda mahakama ya rufaa. Julai Bunge likapunguza kiwango cha juu cha fedha ambazo ofisi inaweza kuchukua kutoka Benki Kuu, kutoka asilimia 12 ya gharama za uendeshaji za benki hiyo hadi asilimia 6.5.

Nataka niwe mkweli kwenu hapa, maana najua baadhi yenu mnampenda Trump na hilo ni lenu. Wanaoipinga ofisi hii wana hoja: wanasema mtu mmoja asiye mbunge alipewa nguvu nyingi mno, na fedha zake hazipitishwi na Bunge kila mwaka. Hiyo ya fedha ilifika Mahakama ya Juu Mei 2024, ofisi ikashinda saba kwa mbili. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu ya kile nilichokiona kwa kampuni za kutuma hela.

Aprili 2022 ofisi, pamoja na mwanasheria mkuu wa New York, iliishtaki MoneyGram kuhusu mambo haya haya ya kuchelewesha fedha za watu na kutoshughulikia malalamiko. Aprili 2025, chini ya uongozi mpya, ofisi ikajitoa, New York ikabaki peke yake. Kanuni ya 2013 haikufutwa, bado iko kwenye vitabu. Aliyetakiwa kuifuatilia ndiye aliyenyanyuka akaondoka. Mfanya usafi wa hospitali aliyetuma ada ya shule ya mdogo wake hawezi kumlipa wakili apambane na kampuni kubwa kwa dola 200, na ndiyo maana ofisi ilianzishwa.

Wengine mmeniuliza kuhusu kodi ya asilimia moja. Hiyo ni kitu kingine, imeanza Januari 1, 2026, na inamhusu anayetuma kwa fedha taslimu, money order au hundi ya benki. Ukilipa kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa Marekani, haikuhusu.

Kwa hiyo mlioko huku, fanyeni hivi. Risiti usiitupe, ipige picha. Kiasi kilichoandikwa kwamba mpokeaji atapata, mtumie WhatsApp kabla hajakwenda kwa wakala. Ikipungua hata shilingi elfu tano, andika malalamiko kwa kampuni kwa maandishi ndani ya zile siku 180. Kisha peleka na CFPB, na nakala kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako, maana huyo anachaguliwa au kuteuliwa hapo jimboni na Washington haiwezi kumwondoa.

Na nyinyi mlioko nyumbani, ukipokea pungufu usimshambulie mwanao kwanza. Mwambie akutumie ile picha ya risiti, hesabuni pamoja. Niandikieni hapo chini mlipata shilingi ngapi na risiti ilisema ngapi, nitayasoma yote.