Shanga zilipoanguka

Shikamooni wazee wangu. Vijana hamjambo. Naona wapo waliokuja na wenza wao, na wapo waliokaa peke yao kule nyuma karibu na mlango. Wote karibuni. Nimeomba watoto wapelekwe nje kwa sababu jioni hii nitavitaja vitu kwa majina yake.

Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa 22 kazini. Mwaka 2019 nililala mwenyewe kwenye meza ya upasuaji, nikiwa na kilo 131. Nilikatwa mfuko wa chakula ili nipungue. Katika upasuaji ule huondolewa kama asilimia 80 ya mfuko, kinachobaki ni kijifuko chembamba chenye umbo la ndizi. Ile sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo unashiba upesi na njaa yenyewe inapoa. Mwaka na nusu baadaye nilikuwa na kilo 79. Sukari ilishuka, magoti yakapona. Hayo daktari wenu atawaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nimekuja kusema la chumbani, yanayowapata mke na mume baada ya upasuaji huu, lile ambalo hakuna aliyeniambia, hata mimi niliyekuwa navaa sare na kushinda wodini.

Nilikuwa na shanga za kiunoni, nyuzi tatu. Alinitungia shangazi yangu nilipoolewa, na kila nilivyonenepa alizifungua akaongeza. Mwezi wa nane baada ya upasuaji niko bafuni, nimeinama kuchota maji kwa kopo, zikateremka zote tatu mpaka miguuni. Nikasimama nazitazama pale sakafuni, maji yananichuruzika. Mtu angetegemea nifurahi. Mama zangu, nililia. Mume wangu alikuwa akinijua gizani kwa mlio wa zile shanga.

Nikazifunga kwenye kitambaa nikaziweka sandukuni, na tangu siku hiyo nikawa nalala na dera. Miezi saba. Taa nazima mimi, tena kabla hajaingia.

Niwaambie nilikuwa naficha nini. Ngozi iliyotanuka kwa miaka 20 hairudi kwa miezi minane. Tumbo lilining'inia kama mfuko uliomwagwa unga. Nikitaka kugeuka kitandani, lazima nilishike kwa mkono kwanza nilihamishe, ndipo mwili ufuate. Matiti yalilala. Ngozi ya mikono ilipepea nikinyoosha kanga kwenye kamba. Kwenye mikunjo jasho linakaa, fangasi wanaota, kunatoka harufu, unajipangusa mara nne kwa siku na bado huna amani. Nilipokuwa mnene nilivua nguo mbele ya mume wangu bila wasiwasi, akaniita kibonge wangu, na jina lile nililipenda. Sasa nimepungua, watu wananisifia barabarani, halafu chumbani najificha kama mwizi.

Na macho ya mtu mwenyewe huchelewa. Nilikuwa bado naingia mlango wa daladala kwa ubavu. Kariakoo mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye nguo kubwa kuliko zote. Kwenye kioo nilimwona yule wa kilo 131, au nilimwona bibi kizee. Huyu wa leo sikumwona kabisa.

Sasa tuseme la nje ya chumba, kwa sababu linaingia mpaka kitandani. Kwetu mwili ni heshima. Mke akinenepa watu husema amenawiri, mumewe anamtunza. Akikonda kuna swali, na swali hilo lina historia. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walionekana Kagera mwaka 1983. Watu kule wakauita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikiuzwa wakati huo, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, ukaitwa Slim, kwa sababu ya kukondesha. Kizazi kizima kilijifunza kusoma kifo kwenye mashavu ya mtu. Kwa hiyo mume wangu alipoulizwa kijiweni, "Vipi shemeji yetu, anaumwa?", alijua anaulizwa nini. Mama mkwe naye akamwita pembeni: "Mwanangu, huyu binti wa watu unamnyima chakula?" Yeye akanyamaza kwa sababu mimi nilimwomba asiseme kuwa nimepasuliwa. Nilimwachia mzigo wa aibu yangu aubebe peke yake, na sikujua kama anaubeba. Nilimkosea.

Namkumbuka mama mmoja niliyemhudumia, simtaji. Mumewe alikwenda kupima virusi kimyakimya, mara mbili, na majibu yakawa salama mara zote mbili. Bado aliogopa kumgusa. Kilichomaliza ule woga ni kwenda kupima pamoja, wakakaa kwenye benchi moja, wakasomewa majibu wote wawili. Nawashauri mfanye hivyo mapema, na mkubaliane kabla ya upasuaji mtawajibu nini ndugu na majirani. Jibu likiwa moja, maneno ya kijiweni hayapati pa kuingilia.

Kuhusu mwili wenyewe nina habari njema. Mafuta mengi hayakai tu, yanafanya kazi: yanageuza homoni nyingine kuwa estrojeni, homoni ya kike. Mwanamke hedhi inavurugika na yai halitoki; mwanaume testosteroni, homoni yake ya kiume, inashuka, na nguvu za kiume nazo. Uzito ukishuka, mengi yanarudi. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia wanawake 106 kwa miaka miwili baada ya upasuaji wa kupunguza uzito. Homoni zilikaa sawa, hamu na raha ya tendo la ndoa viliongezeka, na waliokuwa na hali mbaya zaidi mwanzoni ndio walionufaika sana. Akina baba pia, wengi huja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba asubuhi mambo yamerudi.

Hapo kuna hatari moja nitaisema haraka lakini isikieni. Yai linarudi kabla hujajua. Mabinti walioambiwa miaka kumi kuwa hawazai wanashika mimba mwezi wa nne, wakati mwili bado una njaa ya vitamini. Tunashauri kusubiri angalau miezi 12 hadi 18. Na kama ulifanyiwa ule upasuaji mwingine, wa kukiunganishia chakula njia ya mkato kwenye utumbo, vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri. Ongea na kliniki kuhusu kijiti au kitanzi.

Hamu yangu ilirudi mapema. Ujasiri haukurudi. Huo mwanya ndio unaoumiza watu, na mwenza hauoni. Anaona tu mke aliyepungua, aliyependeza, anayelala na dera na kumpa mgongo. Wa kwangu aliwaza nini? Alinieleza baadaye. Aliwaza kuwa sasa nimepata umbo, yeye hanitoshi.

Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa, wakiwalinganisha na wenzao wanene wasiopasuliwa. Matokeo kuhusu ndoa yalitoka mwaka 2018. Waliokuwa wapweke, waliopasuliwa walipata wenza zaidi. Waliokuwa na wenza, waliopasuliwa waliachana zaidi, ingawa wengi walibaki pamoja. Watu wakisikia hivi husema mwanamke akipungua anaota mapembe. Sikubali, na nina miaka ya kuwasikiliza. Wapo waliopata nguvu ya kuondoka kwenye kipigo, hao waacheni waende. Lakini wengi niliowaona waliachana kwa sababu ya ukimya. Mwanaume anaogopa kuachwa, hajui aseme vipi, basi kila usiku analeta chipsi na mishikaki mezani, "kula kidogo tu mke wangu". Mke anaona anahujumiwa. Wote wawili wanaogopa kitu kimoja na hakuna anayekitaja.

Sisi tulikitaja kwa bahati. Mume wangu alikuwa akitafuta vyeti vya watoto sandukuni, akafungua kile kitambaa. Akaja nazo mkononi, akauliza, "Hizi umezivua kwa ajili ya nani?" Niliona anatetemeka. Usiku ule nilizungumza mpaka adhana ya alfajiri.

Tulianza upya kama wachumba. Tulikubaliana wiki kadhaa hakuna tendo la ndoa, ili asiwepo wa kudai wala wa kukwepa. Jioni tunakandana mafuta ya nazi. Kwanza mikono na mgongo, tumbo hapana. Taa ya kibatari ikawa mbali, kisha ikasogea. Siku niliyokuwa tayari nilimshika mkono nikaupeleka mwenyewe tumboni. Akapapasa vile vikovu vidogo vitano, kimoja kimoja, akauliza, "Ndizo njia walizopitia?" Nikasema ndizo. Mwaka mzima na zaidi alikuwa hajaviona.

Msikimbilie pombe mpate ujasiri. Baada ya upasuaji inapanda haraka kichwani, na nimewaona iliowateka. Kama huzuni haiondoki, tafuteni mshauri, msingoje ndoa iungue. Na kukata ngozi iliyolegea si kujidekeza. Mtu mwenye vidonda kwenye mikunjo ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine. Subirini uzito utulie, aghalabu mwaka na nusu, mle protini vizuri kidonda kipone, na mjue kovu lake ni refu, kutoka nyonga hadi nyonga. Mimi sijakata. Wengine wamekata na wameshukuru.

Shangazi yangu nilimpelekea shanga mwaka 2021. Akazifungua kwenye ungo, akanizungushia uzi kiunoni apate kipimo, kwanza juu ya nguo. Kisha akaniambia, "Vua, mwanangu, shanga hazipimwi juu ya dera." Nikavua. Alinitazama, akashika ile ngozi kwa kiganja chake chote kama anavyoshika unga wa maandazi kujua umeumuka vipi, akaniachia, akaendelea kutunga. Hakusema neno. Alitunga tangu adhuhuri mpaka magharibi.

Zilizozidi ndizo hizi, zimejaa kikombe cha kahawa. Nimezileta, kikombe kitazunguka mzishike. Sasa maswali, na ningependa kuanza na akina baba wa kule nyuma.