Jarida Lililoiponza Kanada

Ndugu zangu, kila ninaposema kwamba sheria za biashara zinaweza kuangusha sera za kulinda utamaduni wa nchi, yupo anayenijibu, “Lakini tuna Mkataba wa UNESCO wa 2005, ule wa kulinda tamaduni mbalimbali.” Tunao, ulipita kwa kura 148 dhidi ya 2. Hebu fungueni kifungu cha 20, aya ya pili: hakuna neno ndani yake linalobadili haki na wajibu wa nchi katika mikataba mingine. Ya biashara imo humo. China iliutaja katika kesi yake ya filamu na vitabu kwenye WTO, Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 2009 ikashindwa vilevile.

Twende Kanada, maana somo lote liko pale. Tangu 1965 forodha ilizuia majarida ya kigeni yenye toleo la matangazo kwa Wakanada. Makala ni yaleyale, gharama yake imesharudi Marekani, kwa hiyo tangazo linauzwa kwa bei asiyoiweza mchapishaji wa Kanada. Mwaka 1993 Sports Illustrated ikarusha kurasa kielektroniki hadi kiwanda cha uchapaji ndani ya Kanada. Forodha ikazuie nini? Mwaka 1995 ikaja kodi: asilimia 80 ya thamani ya matangazo, kila toleo. Marekani ikashtaki WTO, mahali ambapo kinga ya utamaduni iliyomo katika mkataba wa biashara wa Amerika Kaskazini haifiki.

Kanada ikajitetea: tangazo ni huduma, na kwenye huduma za matangazo hatukuahidi kitu. Mwaka 1997 Baraza la Rufaa la WTO likasema jarida ni bidhaa, unalishika mkononi. Makala na matangazo ni viungo vyake. Mtego ndio huo. Kwenye bidhaa, sharti la kutobagua cha kigeni na cha nyumbani linakubana hata kama hukuahidi. Kwenye huduma, linakubana pale tu ulipojaza jedwali lako la ahadi, yaani orodha ya huduma ulizokubali kuzifungulia wageni. Nafuu ya posta kwa majarida ya nyumbani nayo ikaanguka. Ruzuku halali ni fedha inayotoka hazina hadi kwa mzalishaji mwenyewe. Kanada fedha iliipa posta, posta ikapunguza nauli ya majarida ya nyumbani.

Mengine nayapitia mbio. New Zealand ilijaza kwenye jedwali lake huduma za sauti na picha, yaani filamu, redio na televisheni, katika Duru ya Uruguay, mazungumzo yaliyozaa WTO. Baadaye ilipotaka mgawo wa lazima wa vipindi vya nyumbani, ikakuta imejifunga, ikaambulia makubaliano ya hiari. Korea Kusini mwaka 2006 ilishusha siku za lazima za filamu zake kwenye majumba ya sinema kutoka 146 hadi 73 kwa mwaka ili kuzungumza biashara huria na Marekani, ilhali GATT yenyewe, mkataba wa biashara ya bidhaa, kifungu cha 4, inaruhusu mgawo huo.

Mitandao ya filamu sijaifikia na muda umekwisha. Mkiulizwa kwenye meza ya mazungumzo ya biashara kama filamu inayorushwa mtandaoni ni bidhaa au huduma, semeni huduma, na safu yake kwenye jedwali muiache tupu.