Kigango cha magogo kilichoupa mji wa Saint Paul jina

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, leo nimesimama ukingoni mwa mto Mississippi, Minnesota, mahali ambapo mwaka 1841 kigango kimoja kidogo kiliupa mji mzima jina. Kabla ya hapo makazi haya yaliitwa Jicho la Nguruwe, kwa lakabu ya muuza pombe mmoja.

Padri Lucien Galtier, Mfaransa aliyetumwa huku mwaka 1840 na Askofu Mathias Loras wa Dubuque, alipewa kiwanja na wakulima wawili, na mwezi Oktoba magogo yakaanza kukatwa. Kanisa lilikuwa na futi 25 kwa 18. Nimezihesabu kwa miguu hapa chini: hatua kumi, kisha saba, na ukuta umekwisha. Magogo yalishikizwa kwa vijiti vya mbao badala ya misumari. Paa, sakafu na mabenchi vilikuwa vya mabanzi, yale yale tunayojengea mabanda ya ng'ombe kwetu. Padri mwenyewe aliandika kwamba umaskini wake ulikumbusha zizi la Bethlehemu. Tarehe 1 Novemba alilibariki kwa jina la Mtakatifu Paulo.

Askofu Joseph Crétin, aliyewekwa wakfu huko Belley, Ufaransa, mnamo Januari 1851, alifika Julai ya mwaka huo kulichukua jimbo jipya, na kanisa kuu alilolikuta ndilo hilo la magogo. Novemba wakaja masista wanne wa Mtakatifu Yosefu, wakaanzisha shule humo. Kipindupindu kilipoingia, wagonjwa wakalazwa humo humo. Mtu aliyekulia parokia ya kijijini anaelewa vizuri jengo moja kufanya kazi zote hizo.

Lakini nikinyamaza kuhusu wenye ardhi nitakuwa nimewapotosha. Nchi hii ilikuwa ya Wadakota, ambao mwaka huo huo wa 1851, kwa mikataba iliyotiwa saini chini ya shinikizo, walipoteza sehemu kubwa ya ardhi yao. Padri Augustin Ravoux, mwenzake Galtier, alikuwa amejifunza lugha yao hata akachapisha kitabu cha mafundisho ya dini kwa Kidakota mwaka 1843. Jitihada hiyo ninaithamini kuliko minara yote ya Kanisa Kuu la sasa lililoko kilimani, kwa sababu wengi waliofika walikuwa wakiwahudumia walowezi tu. Baada ya vita vya 1862 kati ya Wadakota na Marekani, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo wanaume 303; Rais Lincoln akapunguza idadi hiyo, na 38 wakanyongwa pamoja mjini Mankato tarehe 26 Desemba. Siku zile za mwisho Ravoux alikuwa gerezani pamoja nao, akiwafundisha kwa Kidakota, na wengi wao wakapokea ubatizo.