Umeme wa Houston: ukiona bei ndogo, fungua E-F-L kwanza

Haya jamani, karibuni. Leo tupo Houston, Texas. Video hii ni ya mliofika juzi, mmepewa funguo za apatimenti, halafu meneja anawaambia umeme mtafute wenyewe. Ulizoea luku ya Dar au tokeni za Mombasa, kampuni ni moja tu, huna wa kumlinganisha naye. Huku soko lilifunguliwa mwaka 2002 na kampuni zinagombea wateja. Mimi kazi hii ya kulinganisha bei naipenda kweli, mtu akinitumia bili yake naifungua kabla hata ya kula.

Kwanza hili. Nguzo na nyaya za hapa Houston ni za kampuni ya CenterPoint, hata ununue umeme kwa nani. Ukikatika mtaani, ni hao unaowapigia. Kwa hiyo asije mtu mlangoni akakwambia umeme wa kampuni yake una nguvu zaidi. Unachochagua ni bei na mkataba, basi. Na mtu huyo wa mlangoni usimwonyeshe bili yako, maana ile namba ndefu ya ESI iliyomo, namba ya utambulisho wa umeme wa nyumba yako, ndiyo inayotumika kukuhamisha. Mlioko Austin na San Antonio, umeme wenu ni wa jiji, hamchagui. Rukeni mpaka sehemu ya msaada.

Fungua powertochoose.org. Ni org mwishoni, angalia vizuri, kwa sababu tovuti za madalali zimejaa. Hii ni ya Tume ya Huduma za Umma ya Texas. Andika zipu kodi, bonyeza, orodha hiyo. Chagua bei isiyobadilika. Ya kupanda na kushuka mimi siigusi. Ile baridi ya Februari 2021, bei ya jumla ilifika dola 9 kwa yuniti moja, na familia zilizokuwa zinauziwa kwa bei ya jumla zikapata bili za maelfu ya dola. Mikataba ya aina ile kwa majumbani ilipigwa marufuku mwaka uleule, lakini ya kubadilika kila mwezi bado ipo.

Ngojeni, taa inapiga kwenye skrini. Nisogeze simu kidogo… mnaona sasa? Sawa.

Hapa tutulie. Hii bei kubwa ya juu, senti 10, msiiamini bado. Ni bei ya mtu aliyetumia yuniti 1000. Shuka chini, tafuta karatasi inayoitwa E-F-L, yaani Electricity Facts Label, karatasi ya maelezo ya bei ya mkataba. Kila mkataba lazima uwe nayo. Ifungue, ikuze. Kuna jedwali: yuniti 500, 1000, 2000. Huu ni mfano nimeutunga ili tupige hesabu: 500 ni senti 20, 1000 ni senti 10, 2000 ni senti 15. Mbona ya katikati imezama peke yake? Soma maandishi madogo. Kila yuniti ni senti 20, usafirishaji ukiwemo, ila ukifikisha 1000 unapunguziwa dola 100. Aliyetumia 1000 anadaiwa dola 200, toa 100, analipa 100. Wewe wa chumba kimoja umetumia 950. Unalipa dola 190! Umetumia kidogo, umelipa karibu mara mbili.

Narudia, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaponaswa: usisaini kabla ya kuona hiyo safu ya 500. Usisaini.

Sasa yuniti zako utazijuaje? Kama una bili ya zamani, zimo. Unaweza pia kujisajili kwenye tovuti ya Smart Meter Texas, mita yako utaisoma humo. Mgeni kabisa, muulize jirani mwenye apatimenti ya ukubwa kama wako, na uulizie miezi miwili: Agosti na Novemba. Agosti kiyoyozi hakilali, Novemba unaweza kukizima kabisa. Piga hesabu ya bili ya miezi yote miwili kwa mkono, kwa bei za mkataba unaoutaka. Mimi napenda mkataba usio na punguzo lolote, senti zilezile ukitumia 400 au 1400, hata kama kwenye orodha upo ukurasa wa tatu.

Kusaini ni rahisi, jaza tu. Wakitaka amana, uliza kama wanapokea barua ya malipo mazuri kutoka kampuni yako ya zamani. Ukihama kampuni na ukajuta, una siku 3 za kazi kufuta bila faini. Andika kwenye simu tarehe ya mkataba kuisha. Siku 14 za mwisho unaruhusiwa kuondoka bila faini, na ukijisahau unaingizwa kwenye bei ya mwezi kwa mwezi, ambayo mara nyingi huwa juu.

Haya, msaada. Bili imekuelemea? Pigia kampuni yako ya umeme kabla ya tarehe ya kulipa, omba kulipa kwa awamu. Usione haya, ni jambo la kawaida hapa. Halafu piga 211, namba ya simu ya kuelekezwa kwenye misaada, waambie unataka CEAP, mpango wa kusaidia kulipa bili za umeme. Ni pesa za serikali, zinalipwa moja kwa moja kwa kampuni, hazipiti mkononi mwako. Wanaangalia kipato cha nyumba nzima, na wazee, wenye ulemavu na wenye watoto wadogo wanatangulizwa. Andaa kitambulisho, karatasi za mshahara za siku 30 na bili yenyewe.

Notisi ya kukatiwa ikija, unapewa angalau siku 10. Zitumie. Siku ya tahadhari ya joto kali hawaruhusiwi kukukatia, ila deni linabaki palepale. Kiingereza kikikupa shida pale 211, sema neno moja tu, "Swahili", usikate simu, wakutafutie mkalimani.